Pikipiki mbili za cc 650, moja ina ABS: nichukue ipi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina umri wa miaka 34, na nimeendesha pikipiki ya cc 150 kwa miaka minane bila ajali kubwa. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue pikipiki ya cc 650 iliyotumika kutoka Japani, na sasa nimeonyeshwa mbili za aina moja. Ya kwanza haina ABS, ule mtambo unaozuia gurudumu lisigande unapofunga breki, imetembea kilomita 21,000, inang'aa na matairi yake yanaonekana mapya. Ya pili ina ABS, imetembea kilomita 38,000, ina michubuko kidogo, na bei yake imezidi ya mwenzake kwa shilingi milioni mbili. Nakwenda Horohoro kikazi mara mbili kwa wiki, na kila mwisho wa mwezi napanda Lushoto kwa wakwe. Wenzangu wananiambia ABS ni mapambo, kwamba inarefusha breki, na kwamba dereva anayeijua kazi yake haihitaji. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa subira yako. Nikupe uamuzi kwanza, kisha nieleze: nunua ile ya pili, yenye ABS, kwa sharti kwamba ABS hiyo inafanya kazi kweli na umeipima kabla hujatoa hata senti moja. Baadhi ya wanayosema wenzako yana ukweli ndani yake, na nitayafikia, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha maelezo.

Kilichonigusa zaidi katika swali lako ni ile miaka minane ya cc 150. Pikipiki zinazoletwa gereji kwangu, kabla sijafungua hata nati moja, huzitazama mahali pawili: mpira wa pedali ya breki ya mguu, na mkono wa breki ya mbele. Karibu zote husimulia habari ileile. Mpira wa pedali umelika hadi chuma kinang'aa kama kijiko, ilhali mkono wa breki ya mbele bado una rangi yake ya kiwandani, na mara nyingine una vumbi pale vidole vinapopaswa kukaa. Sote tulifundishwa hivyo tulipoanza: "Breki ya mbele usiiguse, itakurusha." Mguu ukafanya kazi yote, na kwa pikipiki ndogo inayozunguka Ngamiani kwa mwendo wa kilomita 40, mazoea hayo huvumilika. Kwenye cc 650 hayavumiliki hata kidogo, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba mtu kama wewe anaihitaji ABS kuliko hata yule aliyezaliwa juu ya pikipiki kubwa.

Umewahi kusimama ndani ya daladala dereva akafunga breki ghafla, na unajua kwamba abiria wote huegemea mbele, wala hakuna anayeegemea nyuma. Pikipiki hufanya vivyo hivyo. Uzito wako na wa chombo chenyewe hukimbilia tairi la mbele, na tairi la nyuma hubaki jepesi, likiigusa lami bila kuishika sawasawa. Breki haiwezi kutumia mshiko ambao tairi halina, kwa hiyo unaposimama kwa nguvu, sehemu kubwa ya kazi, kama robo tatu na zaidi, hufanywa na breki ya mbele, utake usitake. Anayetegemea mguu peke yake anaiacha kando ile breki yenye nguvu na kuitumia ile dhaifu.

Tufanye hesabu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao kwenye barabara ya Horohoro watu huuona wa kawaida. Sekunde moja tu ya kushtuka hula mita 22 kabla hujagusa breki yoyote. Baada ya hapo, aliyetumia breki zote mbili kwa ufundi kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 31 hivi. Aliyetumia mguu peke yake, hata nikimkadiria kwa ukarimu kwamba anapata nusu ya nguvu ile, huhitaji mita 62. Lakini usitazame mita tu, tazama na mwendo: mahali pale mwenzake alipokwisha simama, yeye bado anakwenda karibu kilomita 57 kwa saa. Kama hapo limesimama trekta la kubebea mkonge, ndio mwendo atakaoligonga nao.

Kwa hiyo breki ya mbele huna budi kuijua. Tatizo ni kwamba woga wa breki ya mbele haukuzuka bure, nami nina ushahidi wake mwilini.

Mwaka 2009 nilikuwa na pikipiki ya cc 600 isiyo na ABS. Ilikuwa asubuhi ya masika, mvua imekatika lakini lami karibu na Pongwe ingali inameremeta, mwendesha baiskeli aliyepakia magunia mawili ya mkaa akajitokeza kutoka kwenye kijia cha kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kuendesha, niliyajua haya yote ninayokuandikia hapa, na bado mkono wangu wa kulia ulibana wote kwa mkupuo bila kuniuliza. Tairi la mbele lilitoa mlio mfupi, kama kitambaa kinachochanwa, kisha usukani ukawa mwepesi mkononi, mwepesi kabisa, kana kwamba haukuunganishwa na kitu chochote. Sikuona nilivyoanguka. Nilivunjika mtulinga wa kushoto. Yule mwenye baiskeli alivuka salama, akaiweka baiskeli yake chini, akarudi kuniinua. Wiki tatu baadaye nilikwenda pale, mkono ukiwa umefungwa shingoni, nikahesabu hatua kutoka kwenye mikwaruzo iliyobaki juu ya lami hadi kwenye kile kijia. Zilikuwa hatua 24. Nafasi ya kusimama nilikuwa nayo, nami nikaanguka ndani ya nafasi hiyohiyo.

Zile hatua 24 ndizo unazozinunua kwa milioni mbili. Gari likifunga magurudumu huserereka, lakini halianguki, kwa sababu limesimama juu ya manne. Pikipiki husimama wima kwa sababu gurudumu la mbele linazunguka na kukubali kuelekezwa, na pindi linapoacha kuzunguka ilhali chombo kingali kinakwenda, tairi huteleza kuelekea popote linapotaka, na dereva huwa chini kabla hajapata wasaa wa kuifungua ile breki. Kinadharia dawa ni kuachia mkono kidogo na kushika upya. Binadamu aliyeshtuka haachii. Hubana zaidi.

ABS huachia kwa niaba yako. Kwenye kila gurudumu kuna pete ya chuma yenye matundu, na jirani yake, kwa nafasi isiyozidi unene wa sarafu, kuna sensa, yaani kihisio, inayohesabu matundu yanavyopita. Kompyuta ndogo hulinganisha mwendo wa gurudumu la mbele na la nyuma wakati wote, na ikiona moja linapungua mzunguko kwa kasi isiyo ya kawaida, dalili kwamba linakaribia kuganda, huamuru vali zilegeze shinikizo la mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo, kisha zilirudishe, kisha zilegeze tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mkononi utahisi mapigo, na mguuni pedali itakuwa kama inakugonga wayo. Wanaoihisi kwa mara ya kwanza hudhani breki imeharibika na huachia. Usiachie: mapigo hayo ndiyo kazi yenyewe.

Teknolojia hii si ya jana. BMW iliiweka kwenye pikipiki ya K100 mwaka 1988, na mtambo wa wakati ule ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 10, ilhali mtambo wa leo haufiki kilo moja. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2016 kwa modeli mpya na 2017 kwa pikipiki zote mpya, pikipiki inayozidi cc 125 haiuzwi bila ABS. India, nchi ambayo pikipiki zake tunaziona kila kona ya mji huu, ilifuata mwaka 2018 na 2019 kwa utaratibu kama huo. Japani ilianza Oktoba 2018 kwa modeli mpya na kukamilisha Oktoba 2021 kwa zile zilizokuwa zikiendelea kutengenezwa. Hii ndiyo sababu umeonyeshwa pikipiki mbili za aina moja, moja nayo na nyingine bila: kwa miaka mingi wanunuzi wa Japani waliachiwa wachague wenyewe, na wapo walioona afadhali kuokoa fedha.

Jozi kama hiyo yako imewasaidia sana watafiti. Nchini Marekani, taasisi ya IIHS, inayogharimiwa na kampuni za bima, ililinganisha modeli zilezile zilizouzwa kwa namna zote mbili, ikakuta mwaka 2013 kwamba ajali zenye vifo, kwa kila idadi sawa ya pikipiki zilizosajiliwa, zilikuwa pungufu kwa asilimia 31 kwa zenye ABS. Uchunguzi wa baadaye wa taasisi hiyohiyo, wenye pikipiki nyingi zaidi, ulishusha hesabu hadi asilimia 22. Watafiti wengine waliotazama ajali zenye majeruhi nchini Italia, Hispania na Uswidi walipata upungufu wa kati ya asilimia 24 na 34. Inawezekana anayechagua ABS ni mtu mwangalifu zaidi tangu mwanzo, na sehemu ya tofauti hiyo ikawa ni tabia yake. Lakini nchi hizo zina barabara zisizofanana na madereva wasiofanana, na matokeo yote yameelekea upande mmoja.

Sasa niwageukie wenzako. Wanaposema ABS inarefusha breki, wanasema kweli kwa aina fulani ya ardhi. Kwenye changarawe iliyolegea au mchanga mzito, gurudumu lililoganda huchimba na kujirundikia kifusi mbele yake, na kifusi hicho husaidia kusimamisha. ABS isiyoruhusu gurudumu lichimbe hukuacha ukitambaa mbele kwa umbali ambao utakuudhi, na siku mbaya utakuumiza. Ukiacha lami na kushika vipande vya vumbi na mawe kuelekea Amani, utalihisi jambo hili kwenye mteremko wa kwanza. Watengenezaji wanalijua, ndiyo maana pikipiki nyingi za kusafiri za miaka ya karibuni zina kitufe cha kuizima ABS ya gurudumu la nyuma, au ya magurudumu yote mawili, kwa ajili ya njia za namna hiyo. Isiyo na kitufe inataka mwendo mdogo tu. Wewe, hata hivyo, safari zako ulizonitajia ni Horohoro na Lushoto, na zote mbili ni lami.

Kuhusu dereva anayeijua kazi yake, nakubali kwamba wapo watu wanaoweza, kwenye lami kavu, kusimama sawa na ABS au kuipita kidogo. Pikipiki za mbio za MotoGP hazitumii ABS kabisa, na bila shaka wenzako watakutajia hilo. Lakini dereva wa mbio hufunga breki mahali palepale kwa kona ileile mara ishirini na zaidi, lami imefagiliwa, hakuna mbuzi, na anajua kwa sekunde ni lini ataminya. Wewe utaminya mara moja tu, mahali ambapo hukupachagua, pengine juu ya dizeli iliyomwagika kutoka kwenye lori, au juu ya mchanga uliosombwa na mvua hadi kwenye makutano, au juu ya ule mstari mweupe unaoteleza kama sabuni ukilowa. Ufundi huwa haupotei siku hiyo; unachokosa ni muda wa kuutumia. Nami, kama nilivyokueleza, sikuwa mgeni wa pikipiki siku ile ya Pongwe.

Lipo jambo wenzako hawakulitaja, nalo linanitia hofu zaidi kuliko yote, kwa kuwa unapanda Lushoto. ABS ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya pikipiki iliyosimama wima. Ukiwa umeilaza kwenye kona, tairi tayari linatumia sehemu kubwa ya mshiko wake kukuzungusha, na kilichobaki kwa ajili ya breki ni kidogo. ABS inaweza kuzuia gurudumu lisigande na bado pikipiki ikakuteleza kwenda pembeni. Mtambo unaojua pikipiki imelala kiasi gani, na kupima breki kulingana na mlalo huo, uliletwa na Bosch mwaka 2013 na kuanzia kwenye KTM 1190 Adventure. Usitarajie kuukuta kwenye pikipiki ya cc 650 ya bei yako. Kwa hiyo kutoka Mombo kwenda juu, zile kona zenye mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, mwendo upunguze kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama, kana kwamba ABS haipo. Ukishtukizwa katikati ya kona na basi dogo lililokata upande wako, iinue pikipiki iwe wima kwanza, kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, halafu ndipo ubane. Wala ABS haiongezi mshiko ambao tairi kipara limekwisha upoteza.

Faida kubwa ya ABS kwako, kwa maoni yangu, iko kwenye siku za kawaida kuliko siku ya ajali. Mtu aliyekatazwa breki ya mbele kwa miaka minane hawezi kujifunza kuitumia kwa nguvu kwenye pikipiki isiyo na ABS bila kuogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu kosa moja la mafunzo linamwangusha. Kwenye yenye ABS utatafuta kipande cha lami kilichonyooka na kisicho na watu, utaanza na kilomita 30 kwa saa, utaminya polepole hadi usikie sehemu ya mbele inazama na tairi linakandamizwa chini, kisha utaongeza. Ukizidisha, mtambo utakugonga vidoleni kukuarifu kwamba umevuka mpaka, na utabaki umesimama wima. Baada ya wiki chache mkono wako utaujua mpaka ule ulipo. Jambo moja usilisahau katika mazoezi hayo: ABS haikuzuii kuminya kwa mkupuo, lakini breki nzuri huanza kwa kuelemeza tairi la mbele kwanza na kubana baadaye, hata pale mtambo upo.

Tuje kwenye ukaguzi, maana ABS mbovu uliyoilipia milioni mbili ni hasara ya aina mbili. Anza na taa yake kwenye dashibodi. Ukiwasha swichi kabla ya injini, taa ya ABS lazima iwake. Ukiondoka, lazima ijizime yenyewe baada ya mita chache, pale kompyuta inapoziona sensa zote mbili zikihesabu. Isipozimika, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ni vibaya zaidi, kwa sababu maana yake mtu ameing'oa au ameiziba asikuonyeshe hitilafu. Niliwahi kufungua dashibodi ya pikipiki iliyouzwa kama nzima, nikakuta waya wa taa hiyo umeunganishwa na wa taa ya oili, ili ziwake na kuzimika pamoja. Kwa hiyo tazama zinavyozimika: taa ya oili huzimika injini inapowaka, ya ABS husubiri pikipiki iondoke.

Kisha chuchumaa kwenye gurudumu la mbele na uzungushe polepole ukiitazama ile pete ya matundu. Iwe imenyooka, isiwe na tundu lililoziba kwa matope, na isikaribie kuigusa sensa upande mmoja na kuiacha mbali upande wa pili. Pete nyingi ninazoletewa zimepindishwa na fundi wa pancha aliyelaza gurudumu kifudifudi juu ya zege na kulipiga kwa bapa lake la chuma, bila kujua kilichokuwa chini. Fuata waya wa sensa hadi kwenye soketi yake, uifungue, uangalie vijino vya ndani. Sisi wa Tanga tunaishi na upepo wa bahari, na soketi iliyolazwa nje Raskazone kwa msimu mmoja wa kusi huota ukungu wa kijani ambao hukata mawasiliano. Mara nyingi hitilafu ya ABS inayotajwa kuwa ni ya mamilioni ni soketi hiyo tu, ya kusafishwa kwa nusu saa.

Mafuta ya breki yatazame kwenye vikopo vyote viwili. Yawe ya rangi ya njano hafifu, kama chai ya rangi iliyochujwa mapema. Yakiwa ya kahawia iliyokolea, yamekaa miaka mingi. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani, na unyevu huo hula vali ndogo zilizo ndani ya mtambo wa ABS, ambazo ndizo ghali na ndizo zisizopatikana Tanga. Hata kama yanaonekana mazuri, ukiinunua yabadilishe yote, kisha kila baada ya miaka miwili, na utumie aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, ambayo kwa kawaida ni DOT 4. Matairi nayo yawe ya vipimo vya kiwandani mbele na nyuma, kwa sababu kompyuta inalinganisha mizunguko ya magurudumu mawili, na anayeweka tairi la nyuma la kipimo kingine kwa kuwa ndilo lililopatikana dukani anaivuruga hesabu yake.

Mwisho wa ukaguzi ni kuiendesha. Kwenye lami kavu isiyo na mtu, kwa kilomita 30 kwa saa, kanyaga breki ya nyuma kwa nguvu: pedali ikugonge, na tairi lisiache mstari mrefu mweusi. Ya mbele ijaribu hatua kwa hatua, usiminye kwa mkupuo, kwani hujui bado kama mtambo upo hai. Ukishaona ya nyuma inafanya kazi, taa inatii na breki ya mbele imekaza vizuri mkononi, inatosha kwa siku hiyo. Hakikisha pia kwamba unayouziwa ni ABS ya magurudumu yote mawili. Zipo pikipiki, hasa ndogo za India, zenye ABS ya gurudumu la mbele peke yake, na zipo zenye mfumo wa kuunganisha breki za mbele na nyuma ambao wauzaji huuita ABS ilhali hauzuii gurudumu lisigande. Jina la modeli husaidia kidogo: Suzuki, kwa mfano, iliiita DL650 ile isiyo na ABS na DL650A ile iliyo nayo.

Ukijiuliza itakuwaje ikiharibika njiani, kwenye pikipiki nyingi taa huwaka na breki zinabaki breki za kawaida, kama za yule mwenzake. Zisizokuwa hivyo ni baadhi ya BMW za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye breki zinazosaidiwa na mota ya umeme, ambazo mota ikikata hubakia na nguvu ndogo sana. Hizo sitakushauri uzinunue ukiwa huna fundi anayezijua.

Kuhusu kilomita 38,000 dhidi ya 21,000, usikonde. Injini ya cc 650 iliyotunzwa bado changa kwa kilomita hizo, na kilomita za kwenye saa zinaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo tazama mnyororo, disiki na kumbukumbu za matengenezo. Yale matairi yanayong'aa ya ile ya kwanza yasome ubavuni, penye tarakimu nne za mwisho wa alama inayoanza na herufi DOT (si ile ya mafuta ya breki): 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa ghalani miaka saba linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira mgumu kama ubao, na kwenye lami iliyolowa litakuangusha likiwa bado na sura ya upya.

Iwapo ABS ya ile ya pili itashindwa ukaguzi na hitilafu ikawa kwenye mtambo wenyewe, siyo soketi wala pete, usirudi kwa ile ya kwanza kwa hasira. Subiri, kwa kuwa modeli zote zilizoendelea kutengenezwa Japani zimelazimika kuwa nayo tangu 2021, zitakazofika bandarini miaka ijayo zitazidi kuwa na ABS, na akiba yako ya miaka mitatu haitaoza kwa miezi mitatu zaidi.

Nenda kwa muuzaji asubuhi, kabla ya saa tatu, injini ikiwa baridi na mji haujachangamka. Mwambie unataka ufunguo kwa nusu saa, umwachie kitambulisho na pikipiki yako ya cc 150 kama dhamana. Washa swichi, usiwashe injini, uitazame ile taa.